Mguu Unawaka, Ugonjwa Uko Kiunoni

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Micheweni, Pemba. Mguu wake wa kulia unawaka kuanzia takoni mpaka kisiginoni, usiku halali, na nyumbani washamchua goti kwa mafuta ya karafuu hadi ngozi imebabuka. Anauliza ni dawa gani ya goti iliyo kali zaidi. Nilipomaliza kusoma machozi yalinilenga, kwa sababu maradhi hayo yamewahi kunilaza mimi.

Mdogo wangu, goti lako halina kitu. Kinacholalamika ni mshipa wa fahamu uitwao siatiki, mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, unene wake unakaribia kidole. Mizizi yake inatoka chini ya uti wa mgongo, inaungana, inapita takoni na nyuma ya paja, na karibu na goti inagawika matawi mawili yanayoshuka hadi vidoleni. Ukibanwa huko juu, maumivu unayasikia chini. Mara nyingi kinachoubana ni diski, ile gegedu iliyo baina ya pingili mbili za mgongo. Diski ikielemewa huwa kama sambusa iliyobanwa upande mmoja: kilichomo ndani hutokeza upande wa pili, kikagusa mzizi wa mshipa, na mahali pale pakavimba.

Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani, Unguja. Wenzangu mnaotafuta riziki baharini mnajua bamvua haimsubiri mtu. Maji yakipwa unaingia, unainama kufunga mbegu kwenye kamba, unainama kukaza mambo, vile vijiti vinavyoshika kamba, kisha unaburura polo la mwani mbichi mpaka ufukweni huku linachuruzika maji. Siku hiyo nilikuwa na hamu kubwa, nataka kutimiza mtaji wa kutengeneza sabuni za mwani nijitegemee. Nikanyanyua polo na kugeuka kwa pamoja. Ikapita shoti kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu, nikakaa chini ndani ya maji.

Yaliyofuata nyumbani yaliniumiza kuliko mguu wenyewe. Wifi mmoja akasema nimepatwa na shetani wa baharini, nitafutiwe mganga. Mwengine akasema baridi yabisi, nikapigwa chuku gotini. Na kiongozi wa kikundi chetu alisimama mbele ya wanawake wote akatamka kuwa mwenye nia ya kazi haumwi na kiuno. Mguu umeshapona, neno lile bado linanichoma, na mpaka leo hajaniomba radhi.

Kwenye duka moja la dawa nilidungwa sindano takoni bila kuulizwa hata swali moja. Jamani, mshipa wa siatiki unapita hapo hapo! Sindano ikichomwa pasipo mahali pake inaweza kuujeruhi mshipa wenyewe, mtu akaingia na maumivu akatoka na mguu unaoburura. Usikubali kudungwa na mtu asiyekupima.

Miezi ya katikati siisimulii, ilikuwa ni kulala na kuugua. Nilipofika kwa daktari wa mjini ndipo nilipopimwa kweli. Alinilaza chali, akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka, na kabla haujafika nusu ya njia nikapiga kelele. Akaniambia nitembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Kutembea kwa visigino kulinishinda mguu mmoja, na ganzi ilikuwa juu ya unyayo kuelekea kidole gumba, basi akajua ni mzizi gani uliobanwa. Hakunipeleka kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Alisema watu wengi wasioumwa chochote wakipigwa picha hiyo huonekana na diski zilizotokeza, kwa hiyo picha peke yake haihukumu. Aliniambia pia jambo lililonipa uhai: aghalabu maumivu haya hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, na kile kilichotokeza mwili wenyewe hukila kidogo kidogo.

Nilimuuliza kuhusu upasuaji, maana nilishaambiwa niuze shamba nikafanyiwe. Akanijibu kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2007, wagonjwa 283. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa sawa na wale walioanza kwa kusubiri na kutibiwa bila kisu. Sisemi upasuaji ni mbaya. Nasema usiuze shamba wiki ya pili.

Kilichoniponya ni kutembea. Alfajiri, maji yakiwa mbali, nilitembea kwenye mchanga mgumu, kwanza mpaka mnazi wa karibu, halafu mbele zaidi. Kulala kitandani mchana kutwa kunakaza mwili na kuchelewesha nafuu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko taratibu. Alinipa na kipimo: maumivu yakihama mguuni yakapanda kiunoni, ni dalili njema, endelea, yakishuka zaidi kwenda vidoleni, acha zoezi hilo. Usiku nililala ubavu na mto katikati ya magoti. Dawa kama ibuprofeni husaidia kidogo, kwa siku chache, umeshakula, na siyo kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha bila ya kumuuliza daktari. Ukipenda kukandwa, kandwa, joto lina raha yake, ila kiuno na tako kwa mkono mwepesi, goti liachwe. Na utembee. Nalirudia kwa sababu najua mtalala.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Ukihisi ganzi sehemu za siri na baina ya mapaja, au mkojo umekataa kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili inalegea, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ni mizizi mingi imebanwa kwa pamoja, na saa zikipita ulemavu unaweza kuwa wa kudumu. Tafuteni gari usiku huo huo. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja mjini, kuna upasuaji wa mgongo. Walioko Pemba waanzie hospitali iliyo karibu waombe rufaa ya haraka. Wanawake wengi huona haya kutaja mkojo na sehemu za siri mbele ya daktari. Mtajie! Na kiuno kinachouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda kipimwe kifua kikuu, maana kifua kikuu hushika na mgongo.

Leo nimerudi baharini na sabuni zangu zinauzwa hadi mjini. Mbegu nazifunga ufukweni nimekaa, polo nalijaza nusu, na la kubeba wawili tunabeba wawili. Enyi viongozi wa vikundi, wekeni utaratibu huo bamvua hii inayokuja, na mwanamke akisema kiuno kinamuuma, mpeni kazi ya kuanika mwani na fungu lake la pato lisikatwe.