Pombe hubadilisha alama za jeni

Umeuliza kama pombe kali ya kila siku imegeuza jeni za shemeji yako. Hapana, si kwa namna unayodhani. Kilichobadilika ni umetilishaji, yaani vile vialama vya metili vinavyobandikwa juu ya DNA na kusaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi itulie. Alama hizo haziugusi mpangilio wenyewe wa DNA.

Chanzo ni hiki: metili hizo hutegemea foleti, ile vitamini ya mchicha na maharage. Mlevi huinyonya kidogo utumboni, huipoteza zaidi kwenye mkojo, na mara nyingi hata hali chakula vizuri. Tena pombe hubana kimeng'enya cha ini kinachotengeneza methionini, ambayo ndiyo mwili unaitumia kubandika metili. Alama hizo zinapimika: utafiti uliotoka 2018 kwenye jarida la Molecular Psychiatry, uliohusisha watu zaidi ya 13,000, ulipata sehemu 144 za DNA kwenye damu ambazo kwa pamoja ziliwatambua vizuri wanywaji wa kupindukia.

Ila hiyo ni damu, ini na ubongo vyaweza kuwa na picha tofauti. Na usichanganye alama hizi na madhara ya asetaldehidi, sumu inayozaliwa pombe inapovunjwa mwilini. Hiyo kweli huharibu DNA yenyewe, na ni sababu mojawapo ya saratani ya umio kwa wanywaji.

Baadhi ya alama za metili hurudi taratibu mtu akiacha, kwa hiyo tafadhali usimwambie shemeji kwamba ameshachelewa.