Kwa Nini Valvu Haifikishi Ukuzaji Niliokokotoa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa redio hapa Kondele, Kisumu, na ninaunda amplifaya ya gitaa kwa valvu ya ECC83 (taa ya kioo inayokuza mawimbi ya umeme). Umeme ni wa volti 300, rezista ya anodi (ncha inakotokea sauti iliyokuzwa) ni kiloomu 100, na ya kathodi (ncha inayotoa elektroni) ni omu 1,500 yenye kapasita ya maikrofaradi 22 sambamba nayo. Nilichora mstari wa mzigo (unaoonyesha volti na mkondo ambao rezista ya anodi inaruhusu) kwenye grafu ya valvu, nikakokotoa kwamba sauti itakuzwa takribani mara 61, lakini nikipima napata kama 44, na gitaa likipigwa kwa nguvu sauti inakwaruza mapema. Valvu nimeshabadilisha, na hali ni ile ile. Potenshiometa (rezista inayozungushwa) ya sauti inayofuata ni ya kiloomu 100.

JIBU: Ndugu fundi, valvu yako haina hatia. Mstari uliouchora unaanzia volti 300 kwenye mhimili wa chini (wa volti za anodi) na kuishia miliampea 3 kwenye mhimili wa wima (wa mkondo), nao unakutana na mchoro wa gridi (ncha inayopokea sauti ya gitaa) wa volti hasi 1.5 karibu na volti 200 na miliampea 1. Miliampea 1 ikipita katika omu 1,500 huzaa volti 1.5, kwa hiyo hapo ndipo valvu inapotulia, na hadi hapo hujakosea.

Hata hivyo, mstari huo unahusu mkondo mnyoofu (DC) pekee. Mawimbi ya sauti hupita kwenye kapasita ya kuunganishia na kuikuta potenshiometa, na kwa upande wao rezista ya anodi na potenshiometa, zote za kiloomu 100, ziko sambamba, yaani ni mzigo wa kiloomu 50. Chora mstari wa pili kupitia nukta ile ile, wenye mwinamo mkali zaidi, utaona unagusa mhimili wa chini kwenye volti 250. Anodi sasa inaweza kupanda volti 50 tu, badala ya 100, kabla mkondo haujakatika, na kwa kuwa michoro ya gridi hubanana huko chini, wimbi huwa bapa upande mmoja hata kabla ya kufika mwisho. Huko ndiko kukwaruza kunakotoka.

Ukuzaji nao unakubaliana na mita yako: kipeo cha ukuzaji cha valvu yenyewe ni 100 na ukinzani wake wa ndani ni kiloomu 62.5, hivyo 100 mara 50, ukigawanya kwa 112.5, unapata 44. (Takwimu ya 62.5 hutolewa kwa volti 250 na miliampea 1.2, kwa hiyo usigombane na mita kwa tofauti ya mara moja au mbili.)

Zima umeme, hakikisha kapasita za umeme mkubwa zimeishiwa chaji, kisha weka potenshiometa ya megaomu 1. Mzigo utakuwa kiloomu 91 hivi, ukuzaji utapanda hadi karibu 59, na mstari wa pili utagusa mhimili kwenye volti 291. Rezista ya kathodi iache ilivyo.