Je, kuishi jijini kunaweza kumletea mtu ugonjwa wa akili?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27. Nilihamia Dar es Salaam kutoka Songea mwaka jana kutafuta kazi. Siku hizi usingizi hauji, moyo unanienda mbio, na nikiwa kwenye foleni nakereka bila sababu. Dada yangu amesoma kwamba utafiti umeonyesha jiji linaharibu ubongo, anataka nirudi nyumbani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Dada yako hajatunga, ila amekoleza chumvi. Nadhani amesoma kuhusu utafiti wa 2011 wa Mannheim, Ujerumani. Watu walipewa hesabu ngumu huku wakikosolewa, ubongo ukipigwa picha. Wakazi wa majiji makubwa, sehemu iitwayo amigdala, inayohusika na hofu, ilichangamka zaidi kuliko ya watu wa vijijini. Kuchangamka si kuharibika.

Hoja yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1939 watafiti wa Marekani, Faris na Dunham, walionyesha kwamba Chicago, wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli) walitoka zaidi mitaa ya katikati ya jiji. Wengine wakauliza: je, si kwamba aliyekwisha kuugua huishia kwenye vyumba vya bei rahisi? Takwimu za Denmark za 2001 zilijibu kwa kiasi, maana kadiri mtoto alivyokaa mjini miaka mingi kabla ya kutimiza 15, ndivyo hatari ya skizofrenia ilivyopanda. Wewe umekulia Songea.

Halafu kuna jambo ambalo husimuliwa mara chache. Uchambuzi wa 2018 uliohusisha nchi 42 za kipato cha chini na cha kati haukukuta uhusiano huo kati ya mji na saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza uhalisia kama ilivyo kwenye skizofrenia. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba jiji, kwa kuwa jiji tu, ni sumu. Swali la maana ni kitu gani hasa cha Dar kinachokuumiza.

Anza na usingizi. Chumba chenye joto, baa jirani inayopiga muziki hadi alfajiri, kuamka saa kumi kuwahi daladala: hayo peke yake yanatosha kumfanya mtu mwenye afya awe mkali na mwenye wasiwasi. Kunywa chai ya rangi, kahawa au enaji ili kujikaza mchana huzidisha mapigo ya moyo. Jiulize pia una nani hapa wa kumwambia mambo yako. Kuna watu wanapanga nyumba yenye wapangaji kumi na hawajui jina la hata mmoja.

Moyo kwenda mbio usiuache hivi hivi. Nenda ukapimwe presha, wingi wa damu na tezi ya shingoni, kwani upungufu wa damu na tezi iliyozidi kazi huleta dalili hizo hizo. Vipimo vikiwa safi, omba rufaa ya kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya kujinunulia dukani, hapana: mwili huizoea upesi.

Kuhusu kurudi Songea, usiamue ukiwa hujalala. Kama hofu yako kubwa ni kukosa kazi, utapanda nayo basi. Wiki mbili nyumbani kupumzika ni sawa kabisa. Lakini ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, dada yako akusindikize au mtu mwingine unayemwamini.