Mmeniuliza huku nasali wapi

Shangazi, na ninyi vijana wa kwaya pale Muheza, mmeniuliza kama ni kweli makanisa ya Uingereza yamebaki magofu, na mimi Jumapili naenda wapi. Nawajibu bila kuficha.

Watu ni wachache. Kijijini ninakolea wazee, tukifika ishirini kwenye Misa tunashukuru, na wengi wetu ni mabibi na mababu. Padre ana parokia kadhaa, kwa hiyo anakuja kwa zamu. Vigelegele hakuna, na baridi ya sakafu inapanda hadi magotini hata ukivaa soksi mbili. Mwaka wa kwanza nilikuwa narudi chumbani nikilia.

Lakini magofu, hapana. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka Ashwell, kijiji cha Hertfordshire. Kanisa lao la Mtakatifu Maria sehemu kubwa ni ya karne ya 14, na mnara wake, zaidi ya mita 50, unauona ungali mbali mashambani. Jiwe lake ni la chokaa, laini kama chaki. Mvua inalila, mafundi hawaishi kuliziba. Ulaini huohuo ndio uliowaruhusu watu wa kale kuandika.

Ndani, kwenye ukuta wa mnara, kuna maneno ya Kilatini yaliyokwaruzwa kwa ncha kali. Ukiyatazama hivihivi huoni kitu. Mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga uambae ukuta, na herufi zinajitokeza moja moja. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348, ikaua theluthi ya watu au hata nusu. Mtu mmoja akaandika hapo habari za mwaka 1350: ni mwaka wa huzuni na ukali, na waliosalia kushuhudia ni makapi ya watu. Mstari mwingine unataja tufani kubwa ya Januari 1362. Jirani yake pamechorwa kanisa kubwa, inaaminika ni St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoungua mwaka 1666.

Mnajua mama nilimzika kwa simu mwaka 2021, korona imezuia safari. Nilikaa na hasira muda mrefu. Mbele ya ukuta ule ndipo nilipomwombea, kwa sauti, kwa Kibondei chetu. Nilitamani kuzigusa zile herufi, nikarudisha mkono. Jiwe lile ni laini mno.