Kahawa ya Dripa Ikiwa Chungu, Angalia Usagaji Kwanza

Kwa miezi mingi kila nilipopata kikombe kichungu nilibadilisha kahawa. Kumbe buni haikuwa na kosa. Nilikuwa nasaga laini mno, karibu kama unga wa ngano, maji yakawa yanakwama kwenye dripa, yaani kile chombo chenye tundu chini kinachoshika karatasi ya kuchujia kahawa, hadi dakika 5.

Siku hizi napima gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji. Nunua mizani ndogo ya jikoni, tafadhali. Kijiko hudanganya, kwani kahawa iliyokaangwa kidogo ni nzito kuliko iliyokaangwa sana. Kisha naangalia saa. Maji yote yakishuka kwa dakika 3 hivi, niko pazuri. Yakishuka kwa dakika moja na nusu, kahawa huwa chachu na nyepesi, basi kesho nasaga laini zaidi. Yakichelewa, unakuja uchungu na ule ukakasi unaokausha ulimi. Hapo nasaga chenga zaidi. Nabadilisha usagaji peke yake, mengine yote nayaacha yalivyo, la sivyo sitajua kilichosaidia.

Uchungu huohuo ndio uliomsumbua Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani. Mwaka 1908 alichukua karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, akaiweka kwenye chombo alichokitoboa, machicha yakabaki juu. Karatasi yako isuuze kwanza kwa maji ya moto, ladha yake iondoke na dripa ipate joto.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kuumua. Maji yakichemka nayaacha nusu dakika, namimina gramu 40 tu, nasubiri sekunde 40. Kahawa iliyokaangwa karibuni huumuka kama donge lenye hamira: ni kaboni dioksidi inayotoka, na isipopewa nafasi ya kutoka, huyazuia maji yasiingie vizuri. Isipoumuka kabisa, ujue kahawa hiyo imekaa sana. Maji yaliyobaki namimina polepole kwa mizunguko, bila kugusa ukingo wa karatasi, maana yakipita pembeni hushuka bila kuchukua kitu.

Usionje papo hapo. Kikombe kikipoa kidogo, ulimi hutambua vizuri zaidi kama ni uchachu au uchungu, nawe utajua kesho usage vipi.