"Huyu ni wa mwili au wa akili?" Kwenu mnaoanza kuona wagonjwa

Wadogo zangu, karibu kila mmoja wenu amenifuata wiki zake za kwanza na faili mkononi kuniuliza kama mgonjwa fulani ni wa mwili au ni wa akili. Siwacheki. Na mimi nililiuliza swali hilo, na kosa langu kubwa la mwanzo lilitokana na kulijibu haraka mno.

Alikuja mama wa miaka arobaini na kitu. Kachoka, anasahau, hana hamu na chochote, machozi yako karibu. Alikuwa amefiwa na mumewe miezi minane nyuma, na aliposema hilo tu, mkono wangu ukaandika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nikampa dawa, nikaita mgonjwa anayefuata. Baada ya wiki nane akarudi vile vile, ila sasa kavaa sweta na nje ni jua kali. Muuguzi wa zamu ndiye aliyeniuliza taratibu, "Dokta, tezi ya shingo ulimpima?" Sikuwa nimempima. Kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, kilikuwa juu sana, maana yake tezi ilikuwa imezembea na ubongo unaipigia kelele ifanye kazi. Nilipokaa naye upya, akanieleza choo kigumu, ngozi kavu, sauti iliyokwaruza, kilo zilizoongezeka bila kula zaidi. Yote alikuwa nayo siku ile ya kwanza. Mimi ndiye niliyeacha kuuliza pale nilipopata hadithi iliyonitosha.

Ndiyo maana nawaambia msiba wa mgonjwa ni habari muhimu, lakini haufuti maswali mengine. Upungufu wa damu unachosha mtu na kumwendesha moyo mbio. Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi miguuni na usahaulifu, na aliyemeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi yuko kwenye hatari hiyo. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, inaweza kumpandisha mtu furaha isiyo ya kawaida au kumshusha kabisa. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi hufanana na ugonjwa wa wasiwasi hadi mikono kutetemeka, ila huyu wa tezi mara nyingi anakonda huku anakula vizuri na havumilii joto. Sisemi kila mtu apelekwe maabara kwa vipimo ishirini. Nasema uliza kwanza, halafu maswali yakuchagulie kipimo.

Upande wa pili nao upo, na kwa kweli ndio mtakaoukuta mara nyingi zaidi. Mtu anakuja na kichwa, mgongo, tumbo kuwaka, kifua kubana. Ana bahasha nene ya majibu na yote ni safi. Madaktari wanne wamemwambia hana kitu. Msiwe wa tano. Maumivu yake ni ya kweli; sonona inauma mwilini, na watu wengi hutaja mwili kwanza kwa sababu mwili hauna aibu. Muulize analala vipi, anaamka saa ngapi, ni kitu gani alichokuwa anakipenda ameacha kukifanya. Kinachotafutwa ni dalili tano au zaidi kati ya tisa za sonona, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu. Na ziwe zimemharibia kazi au maisha ya nyumbani.

Dodoso la PHQ-9, orodha ya maswali ya kupima sonona, litawasaidia. Lina maswali tisa na alama kutoka 0 hadi 27, na kuanzia 10 inabidi ukae na mgonjwa umchunguze vizuri. Ni chujio tu. Nimeona vijana wakiandika alama kwenye faili kana kwamba ni majibu ya damu, wakati yule mama wa tezi angepata alama nyingi tu.

Swali la tisa ndilo linalorukwa. Linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na wengi wenu mnaogopa kwamba mkiuliza mtampandikizia mtu wazo. Hapana. Kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Wengi wanashusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu. Uliza kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, endelea bila kubadilisha sura: amepanga vipi, lini, anacho cha kutumia, amewahi kujaribu? Mwenye mpango na nia hatoki peke yake mlangoni. Anaonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo, na ndugu anayemwamini anaondoa dawa na sumu nyumbani. Mimi bado moyo hunienda mbio ninapouliza. Nauliza hivyo hivyo.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni jambo jingine kabisa. Mzee aliyekuwa sawa jana, leo anaongea na ukuta, mchana ametulia, usiku anataka kupigana: huyo msimwite kichaa. Pimeni sukari kabla ya kitu kingine, maana aliyechoma insulini bila kula anaweza kufika mbele yako akitukana na kutoa jasho, na glukosi ikamrudisha kuwa mpole ndani ya dakika chache. Kisha oksijeni, joto, mkojo, kifua, na orodha kamili ya dawa anazomeza. Mwambie ataje siku za wiki kuanzia mwisho kurudi nyuma. Akipotea njiani kila mara, umakini wake umevurugika, na hapo tafuta maambukizi, dawa au pombe aliyoiacha ghafla.

Halafu kuna wale ambao tayari wana jina. Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo, akisema tumbo linamuuma, macho yetu yanakimbilia kwenye faili lake la akili. Mshike tumbo. Kidoletumbo, kile kiutumbo kidogo kinachoweza kuvimba, hakichagui.

Kwenye presha nitapita haraka, kwa kuwa kosa ni moja na linajirudia: mgonjwa amepanda ngazi, kibofu kimejaa, mkanda ni mdogo kuliko mkono, na unampima huku anakusimulia. Akae dakika tano kimya, mgongo uegemee, mkono ulingane na moyo. Ukipata 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla ya kumfunga na dawa za maisha, isipokuwa namba zikiwa juu mno au ana dalili za hatari.

Matibabu ya sonona yanashindwa zaidi kwa sababu ya maelezo kuliko kwa sababu ya dawa. Fluoksetini na dawa wenzake za sonona huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nafuu, ilhali kichefuchefu na kukosa utulivu huja siku za mwanzo. Usipomwambia hilo, ataitupa siku ya tano na kusema umemwongezea ugonjwa. Kijana wa chini ya miaka 25 arudi mapema aonwe, kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuzidi mwanzoni. Akipona asiache mara moja. Aendelee miezi sita au zaidi, kisha apunguze taratibu. Na kabla ya kuandika dawa yenyewe, uliza kama aliwahi kuwa na siku za kutolala bila kuchoka, maneno mengi, fedha kutawanywa. Ukikuta hilo, simama, kwa sababu dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu, kwenye furaha na msisimko uliopita kiasi. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo ya tiba yanaweza kutosha bila kidonge, ingawa foleni itawashawishi kuandika kidonge.

Mwisho wa mahojiano mwombe akueleze kwa maneno yake atafanya nini akifika nyumbani. Kisha nyamaza kidogo anapoinuka. Wengi hulisema lile lililowaleta mkono ukiwa tayari kwenye kitasa: "Na dokta, kuna kitu kingine…" Ikifika hapo mwambie akae tena.