Usibandike marumaru ukuta wa nje kwa saruji

Umeuliza kuhusu marumaru unayobandikiwa nje: mwambie fundi asimame. Marumaru nyeupe ya jiwe halisi, unene wa milimita 20, kuta za nje za ghorofa mbili, kila bamba lishikwe kwa madonge matano ya saruji, halafu unauliza rangi ya kujazia mianya na dawa ya kuzuia uchafu? Kosa hilo nimelifanya, nikabandua ukuta mzima.

Bamba hilo lina kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Katikati ya madonge kuna uwazi, na maji ya mvua hutuama humo. Yanayeyusha chumvi ya saruji, inajitokeza usoni kama unga mweupe, na ukuta ukilowa utaona madonge yamejichora mabaka. Hayo ni ya kuudhi macho tu. Hatari ni joto: jua likipiga, jiwe linatanuka wakati ukuta wa nyuma bado umepoa, na kila siku saruji inaachia kidogo. Gonga kwa mpini wa nyundo. Likilia kama debe tupu, limeshabanduka, limebaki kubanwa na mabamba ya jirani.

Marumaru nayo ina ugonjwa wake. Chembe zake hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, na zikipoa hazirudi sawasawa, hivyo bamba jembamba hupinda na kudhoofika. Jengo refu la kampuni ya mafuta ya Amoco kule Chicago, Marekani, lilivikwa marumaru ya Carrara, Italia, miaka ya 1970, mabamba kama 43,000. Yalipinda, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yote yakang'olewa, ikawekwa graniti, jiwe gumu kuliko marumaru, nene zaidi. Na yale yalikuwa yameshikwa kwa chuma!

Muuzaji aliyeniambia "gundi ya siku hizi inashika chochote" alijua ni ukuta wa nje, akaniuzia bamba la sakafuni. Bado nina hasira naye.

Nje, juu ya kimo cha mtu, jiwe libebwe na chuma. Chukua graniti ya milimita 30. Kila bamba vishikizo 4 vya chuma cha pua kisichoshika kutu, daraja la 316 (linalostahimili chumvi) kama uko karibu na bahari: viwili vya chini vibebe uzito, viwili vya juu vizuie lisiinamie nje. Pini ya kishikizo huingia kwenye tundu la milimita 6 ukingoni, katikati ya unene. Kwenye bamba la 20 jiwe linalobaki kila upande ni milimita 7, linamegeka. Kwenye la 30 unabaki na 12. Funga vishikizo kwenye zege, si kwenye tofali zenye matundu. Nyuma acha milimita 30 za hewa, na chini pawe na njia ya maji kutoka. Chuma cheusi, yaani cha kawaida kinachoshika kutu, kisiguse kitu: kutu huvimba, hupasua jiwe.

Mianya iwe ya milimita 8, ujaze silikoni maalumu ya mawe, maana ya kawaida hutoa mafuta yanayoacha doa kingoni. Kama mabamba ya 20 umeshayalipia, yapeleke sakafu ya ndani.